Mbwa tuliyemwokoa amemngurumia mwanangu. Nimrudishe?

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia nikiwa na moyo mzito na usingizi mchache. Miezi michache iliyopita tulikwenda kwenye kituo kinachookoa wanyama tukachukua mbwa jike, tukampa jina Tunu. Walituambia ana kama miaka mitatu, aliokotwa akiwa na kidonda shingoni cha kamba iliyomzama kwenye nyama, na zaidi ya hapo hawajui habari zake. Pale kituoni alikuwa mpole kupita kiasi. Alikuja akalaza kichwa kwenye goti la mwanangu wa miaka saba, mtoto akanitazama, nami nikajua hatuondoki bila yeye.

Siku za mwanzo alikuwa kama hayupo. Alijibanza nyuma ya kochi, habweki, hadai kitu. Mume wangu, ambaye tangu awali alitaka tununue mtoto wa mbwa wa mbegu nzuri, akasema labda mimi ndiye niliyeona mbali. Halafu mambo yakageuka. Mume wangu akirudi kazini na kumwita, Tunu anajikunyata, anageuza tumbo juu na kukojoa palepale sakafuni. Mwenzangu anaona hiyo ni dharau, anamfokea na kumsukumia pua kwenye mkojo. Tukitoka wote, analia mpaka majirani wamelalamika, na mlango wa mbele ameukwaruza hadi rangi imebanduka.

Linaloninyima usingizi hasa ni la juzi. Mwanangu alikwenda kumpapasa akiwa anakula. Tunu akakakamaa, akakodoa jicho la pembeni, akanguruma. Mtoto akarudi nyuma analia. Hakuumwa, lakini baba yake alimpiga Tunu kwa ndala, na tangu siku hiyo neno ni moja tu ndani ya nyumba: arudi alikotoka.

Dada yangu mkubwa ndiye ananimaliza kabisa. Anasema watu wanalala njaa, mimi nalea mbwa koko. Ushauri wake ni tumpakie kwenye gari, tumshushe mbali, atajijua mwenyewe. Mama mkwe naye anasema mbwa wa kuokotwa wana minyoo inayopofusha watoto. Kumrudisha kituoni naogopa, kwa sababu nilitia sahihi karatasi nikaahidi kumtunza, na nimesikia vituo vingine huwaua wanyama nafasi ikikosekana.

Shangazi, nimrudishe? Nikimrudisha nitakuwa nimemsaliti? Na ikiwa nyumba yangu haiwezi kukaa na mbwa, ipo namna nyingine ya kuwasaidia wale niliowaacha kule vizimbani? Macho yao hayanitoki.

Mama Tunu

---

Marahaba mwanangu, na pole.

Nianze na mtoto, maana hayo mengine yanaweza kungoja na hili haliwezi. Kuanzia mlo wa leo, Tunu ale peke yake, mlango umefungwa. Akimaliza, mtoe kwanza chumbani, ndipo wewe au baba mtoto muokote bakuli. Mfupa na chochote cha kutafuna apewe humohumo, na kiondolewe kabla hajakutana na mtoto. Wawili hao wasiachwe pamoja bila mtu mzima aliye nao chumba kimoja na anayewatazama. Mtu mzima aliye jikoni hahesabiki. Mbwa anayejua kwamba hakuna atakayemsogelea akila hana haja ya kumtisha mtu, na hatua hii peke yake itapunguza joto ndani ya nyumba tangu wiki hii.

Sasa tuje kwenye kunguruma kwenyewe. Umeniandikia jambo ambalo wengi hulipita bila kuliona: alikakamaa, akakodoa jicho, ndipo akanguruma. Aliomba nafasi mara tatu bila kutumia meno. Mwanao alisikia, akarudi nyuma, hakuna aliyeumia. Mbwa anayepigwa kwa sababu ya kunguruma hajifunzi kumpenda mtoto. Anajifunza kwamba sauti humletea kipigo, na siku nyingine atanyamaza kimya hadi jino lenyewe. Ukimuuliza kwa makini mtu anayesema mbwa wake aliuma ghafla bila dalili, mara nyingi utasikia kwamba zamani alikuwa akinguruma, wakamkomesha. Kwa hiyo ndala ikae mbali, kabisa. Ninasema hivi kwa ajili ya usalama wa mwanao kabla hata sijamhurumia Tunu.

Utauliza, mbona analinda chakula na kwenu anashiba? Mbwa aliyeishi kwa kunyang'anyana mabaki haachi mazoea hayo kwa kuwa bakuli limejaa siku kadhaa. Halafu kuna hiyo shingo. Kamba iliyozama kwenye nyama huacha kovu, na kovu linaweza kuuma muda mrefu baada ya ngozi kujifunga. Mkono mdogo ukishuka kutoka juu kuelekea shingoni, wakati ameinama na hana pa kukimbilia, sishangai alitishika. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, umweleze kila ulichonieleza mimi, na umwombe achunguze shingo, meno, masikio na mkojo. Mbwa mwenye maumivu huwa mkali, na hakuna mafunzo yanayoweza kutibu jino bovu.

Daktari akisema hana maumivu, ndipo mzoeshe, ninyi watu wazima tu. Tunu akiwa anakula, simama mbali, pale ambapo anakuona na bado anaendelea kula mwili ukiwa umelegea. Mrushie kipande cha kitu kitamu kuliko kilicho bakulini, nyama kwa mfano, kisha ondoka zako. Usimwendee wala usiguse chakula. Fanya hivyo kila mlo. Utajua anaelewa siku atakapokuona unakuja akainua kichwa kwa matumaini, mkia ukiwa umelegea, badala ya kuinamia bakuli na kula harakaharaka. Hapo sogea hatua moja karibu zaidi, usizidishe. Akikakamaa tena, umekwenda mbio, rudi nyuma. Wapo watakaokushauri utie mkono kwenye bakuli lake ili azoee. Usithubutu. Hiyo humthibitishia kile hasa alichokuwa akikihofia, kwamba mkono wa mtu ukija, chakula kinakwenda.

Mtoto ana mafunzo yake pia, na umri wa miaka saba unatosha kuyaelewa. Mbwa anayekula haguswi. Anayelala haguswi. Aliyejificha nyuma ya kochi haguswi wala haitwi, kwa sababu pale ndipo mahali pake pa kupumulia. Kumkumbatia shingoni, jambo ambalo watoto hulipenda mno, mbwa wengi hulivumilia tu. Mfundishe akae chini ubavu, asubiri Tunu aje mwenyewe, ampapase kifuani kwa muda mfupi kisha aondoe mkono. Tunu akisogea tena, anataka zaidi. Akigeuza uso, akalamba midomo au akapiga miayo na si wakati wa usingizi, ametosheka. Watoto hupenda sana kusoma ishara hizi wakishaonyeshwa, na mtoto anayezijua huwa salama hata kwa mbwa wa watu.

Kwa baba mtoto nenda na maneno mazuri. Amemwona mwanawe akilia, hofu yake ni ya mzazi, na ukianza kwa kumlaumu hatasikia kitu. Lakini hilo la mkojo mweleze wazi. Mbwa anayejikunyata, akageuka tumbo juu na kukojoa, anamwambia mtu kwamba wewe ni mkubwa, tafadhali usinidhuru. Hakuna dharau humo, na hawezi kuuzuia mkojo huo hata akitaka. Akifokewa, anaona unyenyekevu wake haukutosha, anakojoa zaidi. Kumsukumia pua kwenye mkojo hakumfundishi ila kuogopa ile mikono.

Dawa yake ni rahisi, ingawa inahitaji mtu kujizuia. Mumeo akiingia asimwite, asimtazame machoni, asimwinamie. Apite, aweke vitu vyake, afungue mlango wa nje ili Tunu akajisaidie. Baadaye akae kwenye kiti, ageuke ubavu, mkono aushushe chini, amwache mbwa aje kunusa kwa hiari yake. Akimgusa, amguse kifuani, asimpitishie mkono juu ya kichwa. Mkojo ukitoka, futeni kimya kwa sabuni isiyo na amonia, kwa kuwa harufu ya amonia inafanana na ya mkojo na inaweza kumrudisha palepale. Mkojo wa namna hii hupungua kadiri woga unavyopungua. Ukiona anakojoa hata asipoogopa kitu, hilo ni la daktari.

Kulia mkiondoka ni hofu ya kuachwa. Hapa mnamzoesha kwa vipande vidogo sana. Chukua ufunguo, kaa tena. Toka, funga mlango, rudi kabla hajaanza kulia. Ongeza muda polepole, na siku mnazotoka kwa muda mrefu atangulie kutembezwa mpaka achoke kidogo, kisha aachiwe kitu cha kutafuna. Kumfunga kamba ili asikwaruze mlango kutamrudishia mateso yaleyale yaliyompa lile kovu, kwa hiyo msifanye. Akiwa anajiumiza au anatoka mapovu kwa taharuki, daktari anazo dawa za kutuliza hofu ambazo husaidia mafunzo yashike. Na majirani kawaoneni, waambieni kwamba mnalifanyia kazi. Jirani aliyefuatwa mlangoni kwa heshima huvumilia zaidi kuliko aliyepuuzwa.

Watu wa uokoaji wana kipimo chao wanachopenda kukitaja: siku 3, wiki 3, miezi 3. Siku 3 mbwa anapigwa na bumbuwazi, wiki 3 anaanza kujua ratiba ya nyumba, miezi 3 ndipo anaanza kujiona ni wa pale. Wengine huchukua muda mrefu zaidi, na kipimo hiki si sheria, lakini kinaeleza vizuri kilichowapata. Ule upole wa mwanzo, wa kujibanza bila kubweka, ulikuwa woga. Tunu mnayemwona sasa ndiye Tunu aliyeanza kuthubutu kusema anachokiogopa. Najua inaonekana kama mmerudi nyuma, ila mbwa aliyenyamaza kwa hofu huwezi kumsaidia kwa sababu hujui kinachomuuma.

Na huyo mtoto wa mbwa wa mbegu nzuri? Sina ugomvi na mfugaji mwaminifu anayekuonyesha mama wa watoto, mahali wanapolala na kadi za chanjo. Anayekataa usimwone mama yao, akataka mkutane njiani akukabidhi, huyo mkimbieni. Lakini mumeo asidhani atanunua utulivu. Mtoto wa mbwa hukojoa ndani, hutafuna viatu, na meno yake madogo huchoma mikono ya watoto kutwa nzima. Mlango wake wa kuzoea dunia, yaani watu, watoto, kelele na magari, uko wazi zaidi kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi, na ukifungwa bila yeye kuonyeshwa mambo hayo mnaweza kujikuta na mbwa mwoga kuliko Tunu. Chanjo zake hurudiwa kila baada ya wiki kadhaa mpaka afike wiki 16 au zaidi, na kabla hazijakamilika yumo hatarini kwa parvo, ugonjwa unaowaua watoto wa mbwa kwa kutapika na kuhara damu, na ambao kirusi chake hukaa kwenye udongo miezi mingi.

Mama mkwe usimpuuze kuhusu minyoo, kwani ana ukweli mkononi. Kuna minyoo ya mbwa ambayo mayai yake mtoto akiyameza, viluwiluwi vyake vinaweza kusafiri mwilini na mara chache sana vikafika jichoni vikaharibu kuona. Ila minyoo hiyo haichagui mbwa wa kuokotwa. Watoto wa mbwa ndio hubeba mingi zaidi, kwa sababu huambukizwa na mama yao hata kabla ya kuzaliwa. Kinga yake ni dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari, kuokota kinyesi kila siku, na mtoto kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Kuokota kinyesi kuna maana kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa mayai yanapotoka tu bado hayaambukizi. Huhitaji kukaa kwenye udongo kwa wiki kadhaa ndipo yakomae. Ukiyaondoa leo, umeyawahi. Mwambie mama mkwe hivyo, na umshukuru kwa kumwazia mjukuu wake.

Nije kwa dada yako mkubwa, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Kumshusha mbwa mbali ni ukatili, na katika nchi nyingi ni kosa la jinai. Mbwa wa nyumbani hajui kuvuka barabara wala kugombania jalala. Atagongwa, atapigwa mawe, au ataungana na wengine wasiochanjwa, na hapo madhara yatawarudia watu. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote wakiwa wameambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza kwa mtu karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Kinachokatisha maambukizi ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Kwa hiyo anayemwokoa mbwa, akamchanja na kumfunga kizazi, amewalinda pia watoto wa majirani, pamoja na wa dada yako. Hakuna chakula alichomnyang'anya mwenye njaa.

Na kejeli hizo ni za zamani. Mwaka 1860 mama mmoja wa London, Mary Tealby, alifungua huko Holloway makazi ya mbwa waliopotea na wenye njaa. Gazeti likamcheka kwa maneno yaleyale unayoyasikia nyumbani, kwamba watu wanateseka na yeye anahangaika na mbwa. Alifariki 1865. Makazi yale yalihamia Battersea mwaka 1871, na mpaka leo yanapokea mbwa na paka.

Sasa swali lako lenyewe. Kwa yaliyomo kwenye barua hii, ushauri wangu ni usimrudishe bado. Tunu ameonyesha hofu, hajaonyesha nia ya kuumiza, na yote matatu uliyoyataja yana njia. Lakini kuna hali ambazo nikizisikia nitakwambia umrudishe bila kusita: akianza kumngurumia mtoto hata pasipo chakula, akimfuata kwa macho huku amekakamaa, akimuuma, au ikiwa nyumba yenu haina namna ya kuwatenganisha wakati wa kula. Iko na hali nyingine ambayo watu huona haya kuisema. Mumeo akikataa katakata kuacha kumpiga, mrudishe. Mbwa huyu hawezi kupona katika nyumba ambamo mtu mmoja anamfundisha kuamini na mwingine anamfundisha kuogopa, na atakayelipia ni mtoto. Zungumzeni wawili, mtoto akiwa amelala, na mkubaliane muda wa kujaribu kwa dhati kabla ya kuamua.

Mtu yeyote akiumwa na mbwa yeyote, hata aliyechanjwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Mbwa naye afungiwe na kuangaliwa siku 10. Yajue haya kabla hujayahitaji.

Kumrudisha, ikifika huko, hakutakuwa usaliti. Itoe hiyo karatasi uliyotia sahihi uisome upya. Vituo vingi huandika ndani yake kwamba ukishindwa, mnyama arudi kwao na si kwa mtu mwingine, kwa hiyo huenda kumrudisha ndiko kutimiza ahadi yako. Usaliti ungekuwa kumtupa, au kumpa mtu mwingine huku ukificha kwamba hunguruma akila. Ukimrudisha useme yote, hata la ndala. Mbwa aliyerudi na maelezo kamili anaweza kutafutiwa nyumba ya watu wazima wasio na mtoto mdogo, na akafaulu. Aliyerudi na "ameshindikana" tu, nani atamchukua?

Hofu yako ya kuuawa nayo ina msingi. Viko vituo vinavyoua wanyama vinapojaa, na viko vinavyomaliza maisha ya mnyama pale tu anapoteseka bila tiba au ni hatari kwa watu. Usibaki na uvumi. Wapigie waulize: anayerudishwa hufanyiwa nini, hukaa muda gani, nani huamua? Kituo kinachofanya kazi kwa uaminifu hakikasirikii swali hili. Tena wapigie kabla mambo hayajaharibika, kwa sababu wengi wao wana mtu wa mafunzo anayeweza kuja nyumbani au kukuelekeza kwa simu, na wangependa mara mia kukusaidia kuliko kumpokea tena.

Kuhusu wale ulioacha vizimbani, nafurahi umeuliza, maana wapo wanaodhani mwokoaji ni yule tu mwenye mbwa nyumbani. Kulea kwa muda ni msaada mkubwa sana: unamchukua mnyama kwa wiki kadhaa mpaka apate mwenyewe, nafasi yake kizimbani inamwokoa mwingine, na kituo kinapata kujua tabia yake halisi. Ila wewe usiingie huko sasa. Ukimleta mnyama wa pili mwenye woga wakati Tunu bado analinda bakuli, utawapoteza wote wawili.

Unayoweza leo ni haya. Mashuka na taulo zilizochakaa, magazeti ya kutandika. Gari lako, kama unalo, kumpeleka mgonjwa kwa daktari na kumrudisha. Pesa, hata kidogo, ila kila mwezi, kwa kuwa kituo kinachojua kitapata nini mwezi ujao kinaweza kupanga upasuaji na chanjo. Na kama una uwezo wa kulipia jambo moja tu, lipia kufunga vizazi. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, bado mwenyewe ni mtoto, na mimba ya paka kama ya mbwa huchukua wiki tisa hivi. Huwezi kuokota wanyama kwa kasi wanayozaliana. Ndiyo maana kwa paka wa mitaani wanaookoa kwa busara huwatega, huwafunga kizazi, huwachanja na kuwarudisha walipowatoa, sikio moja likiwa limekatwa ncha ili ajulikane ameshafanyiwa. Wewe mwenyewe hakikisha Tunu ameshafungwa kizazi. Kama bado, liulizie siku hiyohiyo utakapompeleka kwa daktari.

Chunga pesa yako pia. Kuna video za uokoaji zinazosambaa ambamo mtu huyohuyo anayeokoa ndiye aliyemtumbukiza mnyama kwenye hatari ili apate kutazamwa na kuchangiwa. Ukiona mtu ana kamera tayari kila mara paka anapozama, usimtumie chochote wala usimsambazie. Toa kwa watu unaoweza kwenda kuwaona, wakakuonyesha wanyama wenyewe na risiti za daktari.

Kazi moja zaidi, ambayo naona inakufaa wewe uliyeandika barua yenye macho makali namna hii: waombe wakuruhusu kwenda siku moja kuwapiga picha wanyama wazima na wazee, nje ya vizimba, kwenye mwanga, na uwaandikie maelezo ya kweli. Watoto wa mbwa hupata nyumba upesi. Wazee na wakubwa hukaa, na mara nyingi picha yao pekee ni ya giza iliyopigwa kupitia nondo siku walipoingia. Andika kama ulivyomweleza Tunu: anapenda nini, anaogopa nini, nyumba gani inamfaa. Ukifika, uliza nani amekaa muda mrefu kuliko wote, uanze na huyo.